Wasomaji wanauliza: Je, mkasi wa jeni umekwisha kuvishinda virusi vya UKIMWI?

Sehemu kubwa ya ukurasa wetu mwezi huu tumeitolea barua moja kutoka komine ya Katuba, hapa Lubumbashi. Barua mbili fupi zinazofuata zimechaguliwa kwa kuwa zinagusa jambo hilohilo kwa upande mwingine.

SWALI

Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni mama mjane, na kijana wangu wa miaka 19 alizaliwa na virusi. Amekuwa akimeza ARV tangu utotoni, na karatasi yake ya mwisho ilisema virusi havionekani. Sasa ameona kwenye simu kwamba Wamarekani wamepata mkasi unaoingia ndani ya seli na kukata SIDA mpaka mzizi. Tangu siku hiyo hamezi tena. Ananiambia: “Mama, nimechoka na vidonge, acha dawa yenyewe ifike, unaona mwenyewe kwamba siumwi.” Leo ni wiki ya tano. Je, habari hiyo ni ya kweli? Na kama ni ya kweli, kwa nini haitufikii sisi huku?

Mama wa Katuba

JIBU

Mama, barua yako nimeisoma mara mbili. Kabla sijaeleza lolote kuhusu mkasi huo, naomba jambo moja lifanyike wiki hii, lisingoje mwisho wa mwezi: mwende pamoja kwenye kituo anakochukulia dawa, mseme wazi kwamba ameacha kwa wiki tano, na mwombe apimwe wingi wa virusi, kile kipimo ambacho wauguzi wetu hukiita kwa Kifaransa charge virale. Mtu akiacha ARV, kwa kawaida virusi huonekana tena katika damu ndani ya wiki mbili hadi nne, muda mrefu kabla mwili haujadhoofika. Kijana anaposema haumwi, huenda anasema kweli kabisa, huku virusi vikiwa vimekwisha kujaa damuni; na kama ana mchumba, ile kinga ambayo mchumba huyo alikuwa akiipata kwa sababu virusi havikuonekana imekwisha kuondoka. Swali la kama mtu anayejisikia vizuri anaweza kupumzisha dawa lilichunguzwa na utafiti mkubwa ulioitwa SMART, uliowashirikisha watu zaidi ya 5,000 katika nchi nyingi. Mwaka 2006 sehemu yake ya kupumzisha dawa ilisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu waliokuwa wakiacha na kurudia walipatwa na magonjwa nyemelezi au kufariki zaidi ya mara mbili ya wale waliomeza bila kukatiza. Ongeza na hili, ambalo vijana hawaambiwi mara nyingi: kidonge cha TLD, chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, hutuliza pia virusi vya homa ya ini aina ya B, na mwenye magonjwa yote mawili akikiacha ghafla, ini lake linaweza kuumia vibaya.

Sasa tuje kwenye habari yenyewe. Mkasi upo, watu wameshadungwa, na aliyeieneza habari hiyo kwenye simu aliacha nusu yake ya pili. Ili nusu hiyo ieleweke, lazima kwanza tuone virusi hivi vinajificha wapi.

Virusi vya UKIMWI vikishaingia ndani ya seli ya CD4, mojawapo ya seli za kinga ya mwili, hugeuza maandishi yao kuwa DNA, yaani maandishi ya urithi, kisha kimeng'enya kiitwacho integresi huyapachika katikati ya DNA ya mtu mwenyewe. Ni maandishi ya herufi kama 9,700 hivi, yaliyofichwa ndani ya kitabu chenye herufi zipatazo bilioni 3. Nyingi ya seli zilizopachikwa hufa upesi, lakini chache hulala. Seli iliyolala haitengenezi virusi, kinga ya mwili haina alama ya kuitambulia, na ARV, ambayo kazi yake ni kuzuia virusi visizaane na kuambukiza seli mpya, haina cha kuzuia humo. Kati ya seli milioni moja za CD4 zilizopumzika, huenda ni moja tu inayobeba virusi vinavyoweza kuamka, na kundi hilo hupungua polepole mno: watafiti walikadiria kwamba lingehitaji zaidi ya miaka 70 ya kumeza dawa bila kukosa ili liishe lenyewe.

Kila anayelima nyuma ya nyumba yake hapa mjini analijua gugu liitwalo ndago. Mwezi wa Agosti udongo wetu mwekundu umekauka na huoni jani hata moja. Mvua za kwanza zikinyesha, vichipukizi vyenye ncha kali vinatoboa juu kabla mahindi hayajaota. Mwaka mmoja nilipiga magoti nikaanza kuvichimbua kwa kisu viazi vyake, vile vidogo vyeusi vyenye ukubwa wa punje ya mahindi, nikifuata uzi mwembamba kutoka kiazi hadi kiazi, nikatoka na kikopo kizima, na baada ya wiki mbili nikaona jani jipya palepale. ARV ni jembe linalokata kila kinachochomoza, nalo linafanya kazi hiyo vizuri kabisa. Kinachotafutwa na watafiti wa mkasi wa jeni ni vile viazi vilivyo chini ya udongo.

Chombo chenyewe kinaitwa CRISPR, nacho kiliwapatia Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020. Kina protini inayokata, Cas9, pamoja na kipande kifupi cha RNA, maandishi ya jamii ya DNA, chenye herufi zipatazo 20, ambacho huiongoza protini hiyo hadi mahali ambapo herufi zinalingana na zake. Ukikata maandishi ya virusi mahali pamoja tu, seli hushona jeraha lake, na mshono huo unaweza kubadilisha herufi chache kiasi kwamba virusi vinabaki hai na mkasi hauvitambui tena. Maabara za Kanada na Uholanzi zilionyesha hivyo mwaka 2016. Kwa hiyo kundi la Kamel Khalili katika Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, lilitengeneza mkasi unaokata sehemu zaidi ya moja kwa wakati mmoja, ili kipande kikubwa cha maandishi ya virusi kidondoke kabisa. Mwaka 2019 walitangaza kwamba kwa panya waliopewa kwanza ARV za kukaa muda mrefu mwilini, kisha mkasi huo, virusi vilitoweka kwa karibu theluthi moja yao.

Mwaka 2022 binadamu wa kwanza akapewa dawa hiyo, iitwayo EBT-101, mara moja tu, kwa kudungwa kwenye mshipa. Matokeo ya awali yalitangazwa Mei 2024 katika mkutano uliofanyika Baltimore. Kuhusu usalama, habari ilikuwa njema. Kuhusu kupona, washiriki watatu waliacha ARV chini ya uangalizi wa karibu wa madaktari, na virusi vilirudi kwa wote watatu, ingawa kwa mmoja wao vilichelewa hadi wiki ya 16, muda ambao ni mrefu kuliko tulivyozoea kuona. Hiyo ndiyo nusu ambayo haikufika kwenye simu ya kijana wako. Mwambie pia kwamba watu hao watatu walikuwa na madaktari waliowapima mara kwa mara na kuwarudishia vidonge virusi vilipochomoza. Yeye ameacha peke yake, bila kipimo, kwa ajili ya dawa ambayo haijaruhusiwa kutibu VVU katika nchi yoyote.

Ukiniuliza kwa nini virusi vilirudi, nitakujibu kwamba ugumu mkubwa uko katika kuufikisha mkasi kwenye kila seli. Mkasi husafirishwa ndani ya gamba la virusi vingine visivyodhuru, na gamba hilo halifiki kwa usawa kwenye tezi za limfu, kuta za utumbo na ubongo, ambako seli zilizolala hujificha. Zaidi ya hapo, kinga ya mwili huzoea gamba hilo baada ya mara ya kwanza na kulishambulia, kwa hiyo si rahisi kumdunga mtu tena. Mwaka 2025 watafiti wa Melbourne walionyesha katika maabara kwamba vifuko vidogo vya mafuta, vya jamii ileile iliyobeba baadhi ya chanjo za COVID-19, vinaweza kuingia ndani ya seli za CD4 zilizopumzika na kuviamsha virusi vilivyolala. Walifanya hivyo kwenye seli zilizotolewa mwilini, lakini mimi binafsi naiona njia hiyo kuwa ya kufuatiliwa kuliko nyingine zote, kwa kuwa inalenga ule ugumu wenyewe wa kufika.

Waliopona wapo, nao wanahesabika kwa vidole. Wa kwanza, Timothy Ray Brown, alikuwa na saratani ya damu, na mjini Berlin mwaka 2007 na 2008 alipandikizwa uboho wa mtu aliyezaliwa bila mlango uitwao CCR5, ambao aina nyingi za VVU huutumia kuingilia ndani ya seli. Aliishi bila virusi hadi saratani yake iliporudi na kumuua mwaka 2020. Baada yake wamefuata wengine wachache wa London, Düsseldorf na kwingineko, karibu wote wakiwa wagonjwa wa saratani ambao wasingepewa upandikizaji huo kama maisha yao hayakuwa hatarini, maana upandikizaji wenyewe unaweza kuua. Urithi huo wa kukosa mlango wa CCR5 hupatikana kwa takriban mtu 1 kati ya 100 wa Ulaya ya Kaskazini, na kwetu Afrika karibu haupo. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kumhariri mgonjwa seli zake mwenyewe badala ya kutafuta mtu wa kumpa. Madaktari wa China walilijaribu kwa mgonjwa mmoja aliyekuwa na VVU na saratani, wakatangaza mwaka 2019 kwamba hakudhurika. Lakini seli zilizohaririwa zilikuwa kati ya asilimia 5 na 8 tu, kwa hiyo virusi havikukosa milango.

Umeuliza kwa nini dawa hiyo haitufikii, na mimi naomba kulijibu swali lako kwa uzito wake wote. Kwa leo hakuna kilichozuiwa mpakani, kwa sababu hakuna dawa iliyokamilika. Lakini nyuma ya swali lako kuna jingine, nalo linanikosesha usingizi: siku itakapokamilika, je, itakuwa imetengenezwa kwa ajili ya virusi vya Katuba? Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulifuata ukoo wa virusi hivi hadi Kinshasa ya miaka ya 1920, ukaonyesha jinsi vilivyosafiri kwa mito na reli hadi Mbuji-Mayi na hapa kwetu Lubumbashi, wakati huo Élisabethville, miongo kadhaa kabla ya ulimwengu kuupa ugonjwa huo jina. Sampuli ya damu ya zamani kuliko zote iliyowahi kuthibitishwa kuwa na VVU ilichukuliwa Kinshasa mwaka 1959. Kwa kuwa vimekaa kwetu muda mrefu hivyo, Kongo ina mchanganyiko mkubwa wa aina za virusi na machotara yake kuliko karibu nchi yoyote, ilhali tafiti nyingi za kutafuta tiba zimefanywa juu ya aina B, iliyoenea Ulaya na Marekani. Kumbuka ile RNA ya herufi 20: herufi chache zikitofautiana, mkasi unaweza kupita bila kukata. Watengenezaji huchagua sehemu za virusi ambazo hazibadiliki ovyo, na hilo ni jema, lakini halitoshi kuwa ushahidi. Naamini kabisa kwamba vyuo vikuu vyetu na wizara ya afya wanapaswa kudai damu ya Wakongo iwemo katika majaribio ya maabara tangu sasa, wakati herufi hizo bado zinachaguliwa. Hili linawezekana Afrika. Huko KwaZulu-Natal, nchini Afrika Kusini, wanawake 20 wenye virusi vya aina C walishiriki utafiti wa tiba ya kingamwili, usiotumia mkasi, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2025 yalionyesha kwamba wanne kati yao walikuwa wameishi zaidi ya mwaka bila ARV.

Nirudi kwa kijana. Niliwahi kuhudumu kama muuguzi kwenye dirisha la kugawia ARV, na siku moja kijana wa umri wa mwanao alipokea chupa yake mbele yangu, akaifungua, akamimina vidonge vyote ndani ya soksi safi, akaikunja soksi mara tatu na kuitia kwenye mfuko wa shule chini ya madaftari. Nilipomuuliza, alisema chupa hupiga kelele anapotembea na wenzake huuliza ni kitu gani. Vidonge havipendi unyevu, na chupa ina kifuko kidogo cha kuuzuia, kwa hiyo tulitafuta pamba, tukaijaza juu ya vidonge hadi chupa ikanyamaza. Nakusimulia haya kwa sababu uchovu wa mwanao ni wa kweli, na huenda chanzo chake ni kuficha zaidi kuliko kumeza. Mwulize kwa upole ni saa gani inayomsumbua, na ni nani anayeogopa amwone. Kituo kinaweza kumpa dawa za miezi mingi kwa pamoja akishatulia, na saa ya kumeza inaweza kubadilishwa. Aelezwe pia kwamba sindano za muda mrefu, kabotegraviri pamoja na rilpivirini, zinazochomwa kila baada ya miezi miwili badala ya kidonge cha kila siku, zilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2025 kwa watu ambao virusi vyao vimekwisha kudhibitiwa na wasio na homa ya ini ya B. Kijana anayetaka kuwa tayari kwa sindano hizo zitakapopatikana karibu naye, au kwa utafiti wowote wa mkasi wa jeni, lazima kwanza virusi vyake viwe havionekani. Ukimpa sababu hiyo, nadhani atakusikiliza kuliko ukimwogofya.

SWALI

Mtoto wangu ana ugonjwa wa SS, yaani selimundu. Nimesikia kwamba mkasi huohuo wa jeni unaponya SS. Kwa nini uweze SS na ushindwe SIDA?

Baba wa Likasi

JIBU

Baba, umesikia vyema. Dawa iitwayo Casgevy iliruhusiwa Uingereza mwezi Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Seli shina za mgonjwa mwenyewe hutolewa, huhaririwa maabara ili zitengeneze tena ile hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ya mtoto aliye tumboni, kisha hurudishwa baada ya uboho wa zamani kuondolewa kwa dawa kali. Tofauti na UKIMWI iko katika hesabu. Katika SS, sehemu nzuri ya chembe za damu ikitengenezwa, mtoto anaacha kuumwa, hata kama nyingine zimebaki zilivyokuwa. Katika UKIMWI, seli moja iliyosahaulika inaweza kuwasha moto upya. Tena kazi ya SS hufanyika nje ya mwili, ambako daktari huona seli anazozihariri, wakati seli zilizolala na VVU hakuna anayeweza kuzichota zote.

Kwa bei, nakueleza bila kuficha: huko Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, bila kuhesabu hospitali. Mtoto wako muulizie daktari kuhusu haidroksiyurea, dawa ya kumeza ambayo utafiti uliofanywa Kongo yenyewe, Angola, Uganda na Kenya ulionyesha kuwa hupunguza maumivu, malaria na vifo kwa watoto wenye SS.

SWALI

Shemeji yangu huvuka mpaka wa Kasumbalesa kwa biashara. Amekutana na mtu anayeuza “sindano ya mkasi” ya SIDA kwa dola 400 na kusema ni ya majaribio kutoka Afrika Kusini. Atoe?

Dada wa Kampemba

JIBU

Dada, asitoe. Jaribio la kweli halimuuzii mshiriki dawa. Humpa karatasi ya maelezo kwa lugha anayoielewa, humpa muda wa kuuliza na kukataa, na hubeba kibali cha kamati ya maadili chenye namba ambayo mtu anaweza kuihakiki. Wazee wetu watakumbuka mwaka 1987, tiba ya MM1 ilipotangazwa Kinshasa kwa kishindo, ikibeba herufi za majina ya marais Mobutu wa kwetu na Mubarak wa Misri, kabla ya ushahidi wowote kuonyeshwa. Watu walitumaini, na tiba hiyo haikuthibitishwa kamwe. Hakuna ajuaye kilichomo ndani ya hiyo chupa ya Kasumbalesa.

Kama shemeji ameshaanza kupunguza vidonge kwa kuingojea sindano hiyo, ushauri niliompa Mama wa Katuba unamhusu yeye pia, wiki hiihii. Na anapovuka mpaka, abebe TLD za siku kadhaa zaidi ya safari yake, katika chupa yake yenyewe pamoja na kadi ya kituo, kwa maana malori hukwama pale siku nyingi kuliko mtu alivyopanga.